Kachi Haina Wazee

Soko la Mpondwe haliamki polepole. Linaamka kwa kelele. Malori yananguruma yakingoja forodha. Wachukuzi wanaitana. Wanawake wanavuka mpaka kutoka Kongo na vikapu kichwani, wanasalimiana huku wanabishana. Katikati ya kelele hizo, kila asubuhi, Edisa alikuwa anapika.

Kibanda chake kilikuwa karibu na maegesho ya malori. Alipika bundu, yaani ugali wa muhogo, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa Katwe. Mkono wake ulikuwa mtamu. Hata dereva mwenye haraka alikaa akala, kisha akaomba mchuzi wa kuongeza.

Lakini si sombe peke yake iliyovuta wateja. Watu walikuja kumwona mume wake.

Mume wake aliitwa Sosthène. Alitoka Butembo, upande wa Kongo, akaoa Bwera, upande huu wa Uganda, akakaa. Siku za kazi alibeba magunia forodhani. Jumapili alipigana kachi. Kachi ni ile mieleka ya ulingoni, yenye muziki, vinyago na vitisho. Ulingoni hakuna aliyemwita Sosthène. Walimwita Tela, kama tela la lori, kwa sababu akikulalia huinuki.

"Tela! Leo utakula sahani ngapi?" madereva walimtania.

"Mumuulize muke wangu," alijibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Yeye njo iko na kipimo."

Edisa alicheka na kumwongezea bundu. Alimwonea fahari mume huyo. Zamani Sosthène alikuwa mtu wa kawaida tu, mwembamba kiasi. Sasa mashavu yalikuwa yamejaa, shingo imenenepa, na tumbo linatangulia. Majirani walimwambia, "Mama Marlène, unajua kulisha mume!" Naye, maskini, aliamini kwamba ni chakula chake kweli.

Neno moja tu lilimchoma. Mtu akimtania mume wake juu ya uzee, Sosthène alijibu, "Kachi haina wazee." Wenzake walicheka. Edisa hakucheka. Aliijua maana yake. Wanamieleka aliowafahamu hawakuzeeka. Walikufa mapema. Christophe, aliyemfundisha Sosthène kazi hiyo, alianguka mbele ya nyumba yake akinawa uso, hata miaka arobaini hajafika. Mwingine alilala, asiamke tena. Na katika kila msiba maneno yalikuwa yale yale: amelogwa. Kisha kidole kikanyooshwa kwa mpinzani.

Kwa kifo cha Christophe, kidole kilinyooshwa kwa Erifazi. Huyu alikuwa kijana wa Bugoye, kule kwenye mitambo ya umeme, na ulingoni walimwita Umeme. Kahambu, mjane wa Christophe, aliuza nyanya kando ya kibanda cha Edisa. Erifazi akipita, Kahambu alitema mate chini. Hakumjibu salamu hata mara moja.

Siku moja ya soko, Mackline alikuja kula. Mackline alikuwa musawo katika hospitali ya misheni huko Kisinga. Uganda anayetibu watu huitwa musawo, awe daktari, awe muuguzi. Alikula bundu lake kimya, macho yakimfuata Sosthène. Aliona jinsi alivyoinuka akishika meza.

"Mama Marlène," alisema taratibu, "uso wa baba huyu ulikuwa hivi tangu zamani?"

"Uso gani tena, musawo? Amenenepa. Anakula vizuri."

"Uso umenenepa, sawa. Tumbo limenenepa. Mbona mikono na miguu imekonda?"

Edisa aligeuka akatazama. Lo! Ilikuwa kweli. Mashavu yalikuwa ya mtu mmoja, na miguu ya mtu mwingine. Unayeishi naye kila siku humwoni, jamani.

Mackline alimwita Sosthène. "Ssebo, bwana, kuna dawa yoyote unayomeza?"

"Mi? Mi niko muzima. Dawa ni ya bagonjwa."

"Kichwa hakikuumi?"

"Kichwa ya mwanaume inauma tu, musawo. Njo maisha."

"Uje Kisinga nikupime presha. Ni kufunga kitambaa mkononi tu. Hakuna atakayekukata."

Sosthène alicheka, lakini macho hayakucheka. "Musawo, batu bakiona Tela ameingia hospitali, batasema amekwisha. Nani atakuja kutazama mutu mugonjwa?"

Akachukua gunia, akaenda. Alikuwa amedanganya, tena mchana kweupe. Kwa maana kiunoni mwake, chini ya shati, kulikuwa na kifuko cha ngozi. Ndani ya kifuko kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kinga ya mganga mmoja wa mbali, huko nyuma ya Beni. Cha pili kilikuwa komprime, vidonge vidogo vyeupe, alivyonunua kwa mchuuzi wa sokoni. Mchuuzi huyo alitembeza dawa katika beseni, juani, pamoja na sabuni na nyembe.

"Meza kila asubuhi," mchuuzi alimwambia. "Utanenepa mpaka ulingo ulie."

Hakumwambia jina la dawa. Hakumwambia ubaya wake. Na Sosthène hakuuliza. Yeye aliamini vitu hivyo viwili vinafanya kazi pamoja, kama jembe na mpini. Komprime bila kinga ni chaki tu. Kinga bila komprime imelala. Basi alivifunga pamoja na kuvivaa pamoja.

Edisa alikijua kifuko hicho. Alijua kina kinga na vidonge alivyodhani ni vya uganga, nacho kilimnyima raha. Yeye ni mtu wa kanisa. Mchungaji alihubiri kwamba nyumba yenye hirizi ni nyumba yenye mgeni mbaya. Edisa aliona mahubiri yanamlenga yeye. Kesho yake asubuhi, Sosthène akiwa anaoga, kifuko kilining'inia kwenye msumari. Edisa hakufikiri mara mbili. Alikichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya, akakitupa chooni.

Moyo wake ukawa mwepesi. Alirudi jikoni akiimba.

"Mama Marlène, kifuko yangu iko wapi?" Sosthène aliita.

"Kimerudi kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Shetani. Nimekitupa chooni, Baba Marlène. Nyumba hii ni ya Mungu."

Edisa alingoja ugomvi. Alikuwa tayari. Lakini Sosthène hakufoka. Alikaa chini kwenye kigoda, maji bado yanamtiririka mgongoni. "Umeniua," alisema.

"Acha maneno ya kitoto," alijibu Edisa. Lakini neno lile lilimwingia.

Sosthène hakununua komprime nyingine. Za nini, na kinga haipo? Siku zilizofuata alianza kudhoofika. Alishikwa na kichefuchefu. Viungo vilimuuma. Akisimama, dunia ilizunguka. Gunia alilozoea kulirusha begani sasa lilimshinda kuinua. Kisha akakataa bundu. Alilitazama tu, akasukuma sahani. Hilo lilimtisha Edisa kuliko yote.

"Njo kinga inalipiza," Sosthène alisema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia."

Edisa aliomba Mungu mpaka magoti yakauma. Alimsihi mume wake waende hospitali, akakataa. Mwisho alimweleza Kahambu siri yake. Kahambu aliacha nyanya zake akamshika mkono.

"Mwenzangu," alisema, "usimwambie mutu kama ni wewe ulitupa. Akikufa, batasema umemuua. Mi najua mudomo ya batu. Mi nimepita mule."

Jumapili ile kachi ilikuwa Kisinga. Mwandaaji, mzee mmoja mchangamfu aliyeitwa Asanasio, alikuwa ametangaza wiki nzima: Tela na Umeme! Edisa alimsihi mume wake abaki. Sosthène alijipaka mafuta, akavaa kinyago chake, akasema, "Nikibaki, Erifazi atasema nimeogopa." Hapakuwa na la kufanya. Edisa alimwachia jirani mtoto wao, Marlène, akamfuata.

Sasa, kachi ya huku ina desturi yake. Kabla ya pambano, wanamieleka huzunguka mji mzima kwa miguu. Mbele hutangulia pikapu yenye spika kubwa. Nyuma wanafuata wao, wanakunja nyuso, wanatishana, wanamwagiana unga ambao watu wanauogopa kama uchawi. Watu hufuata kwa makelele. Msafara usiponoga, uwanja haujai.

Walipofika kwenye njia panda, Erifazi aliruka juu, akamrushia Sosthène unga mweupe usoni. Ni mchezo wa kila Jumapili. Na papo hapo Sosthène akaanguka.

Watu walipiga makofi! "Umeme amempiga shoti!" walipiga kelele. "Shoti! Shoti!" Walicheka mpaka machozi.

Edisa hakucheka. Alimjua mume wake. Kuanguka ndiyo kazi ya watu hawa. Sosthène akianguka hukunja kidevu, hupiga kiganja chini, paa! Ndivyo Christophe alivyomfundisha. Mara hii kidevu hakikukunjwa. Kiganja hakikupiga. Alianguka kama gunia lililokatika kamba.

"Nyamazeni!" Edisa alisukuma watu. "Haigizi! Mume wangu haigizi!"

Alimvua kinyago. Uso ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Makofi yakanyamaza, na ghadhabu ikaanza. Mtu mmoja alimshika Erifazi shati. "Mchawi! Alianza na Christophe, sasa huyu!"

"Ni unga wa muhogo!" Erifazi alilia. "Dada Edisa, walahi, ni unga wa muhogo tu!" Akaulamba mkono wake mbele ya watu wote, unga ukamjaa kwenye ndevu.

Asanasio alimwinamia Edisa. "Mama, tulia. Haya ni mambo ya kinga. Tutume mtu amlete mganga amfungue."

"Mganga wa nyuma ya Beni?" Edisa alifoka. "Atafika nimeshazika! Nipeni gari!"

Aliyesikia alikuwa Erifazi. Alijinasua, shati likachanika. "Shusheni spika!" alinguruma. Wakazishusha. Erifazi alimbeba mpinzani wake mikononi, akamlaza ndani ya pikapu, akapanda naye. Hospitali haikuwa mbali. Edisa alishika miguu ya mume wake njia nzima, akihisi ilivyo myembamba.

Mackline ndiye aliyekuwa zamu. Alimpima haraka haraka. Presha ilikuwa imeshuka vibaya. Sukari ya damu pia ilikuwa imeshuka. Muuguzi alianza kutafuta mshipa.

"Mama Marlène, nitazame," alisema Mackline. "Anameza dawa gani? Usinifiche."

Nje ya dirisha Edisa aliwaona watu wa msafara, wamesimama wanangoja neno. Alikumbuka onyo la Kahambu. Akisema, kesho soko zima litamwita muuaji wa mume. Asiposema, je? Alimtazama Sosthène kitandani, mdomo wazi, kinyago alichomvua kimechomekwa kwenye mkanda wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa atakayeumbuliwa si mfichaji peke yake.

"Ni mimi, musawo," alisema, tena kwa sauti ya kusikika. "Alikuwa na kifuko. Kilikuwa na kinga. Nilikitupa chooni. Tangu siku hiyo amekuwa anakwisha. Nimemuua mume wangu."

"Ndani ya kifuko kulikuwa na kinga tu?"

"Kulikuwa na komprime pia. Ndogo, nyeupe. Mimi sikuzijali. Niliona zote ni za Shetani."

"Alizimeza muda gani?"

"Tangu kabla ya Pasaka ya mwaka jana."

"Jina lake?"

Edisa alitikisa kichwa. Hapo nyuma yao mtu alikohoa. Alikuwa Erifazi, shati limechanika, ndevu bado nyeupe kwa unga. Aliingiza mkono kiunoni taratibu, akatoa kifuko cha ngozi. Akafungua, akatoa karatasi ngumu ya vidonge.

"Ni hizi, musawo," alisema bila kuinua macho. "Tulinunua kwa mtu mmoja. Kwa beseni."

Mackline alisoma jina nyuma ya karatasi. "Deksamethasoni," alisema. "Banange! Ndiyo hiyo. Muuguzi, lete sindano haraka!"

Walimtundikia dripu ya maji yenye chumvi na sukari. Walimchoma sindano ya dawa ambayo mwili wake ulikuwa unaililia. Edisa alikaa kwenye benchi. Hakuweza kuomba. Maneno yalikuwa yamekauka. Aliyekaa kando yake ni Erifazi, yule yule mchawi wa watu, akimshikia kikombe cha maji asichokunywa.

Kabla jua halijatua, Sosthène alifungua macho. Alitazama dari, akatazama dripu, akamtazama mkewe.

"Muke wangu," alisema, "njaa iko."

Edisa alilia kwa kicheko. Hakujua anafanya lipi, kulia au kucheka, akafanya yote mawili kwa pamoja. "Wasingya, Mungu wangu!" alishukuru kwa Lhukonzo, lugha yao. "Wasingya!" Muuguzi naye alijifuta macho, akajidai anapanga chupa.

Kesho yake Mackline alikuja kitandani akavuta kiti. Edisa alikuwepo, na Erifazi, na Kahambu aliyefika na uji kwenye chupa ya chai. Asanasio alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Baba Marlène," alisema Mackline, "wewe ni mchukuzi. Nikuulize. Mchukuzi akipata mtu wa kumbebea mizigo yake kila siku, yeye atafanya nini?"

"Atalala," Sosthène alijibu.

"Haya. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Hizo ni wachukuzi wa mwili. Kila siku zinatengeneza kitu kinachoshikilia presha na sukari, na kukupa nguvu ya kuinuka. Hizi komprime ni mfano wa kitu hicho hicho, lakini kikali sana. Ulipozimeza kila siku, wachukuzi wako walisema, ah, kazi inafanywa na mwingine. Wakalala. Kisha komprime zikakatwa siku moja. Mizigo ikabaki barabarani, na wenye kazi wamelala."

Sosthène alikuna shavu. "Kumbe haikuwa kinga."

"Kinga ilikuwa na nini ndani?"

"Majani. Na kucha ya ndege."

"Hayo mwili wako hautayauliza kamwe. Yaache hata leo."

Wote walicheka, ila Edisa. Yeye alikuwa bado na jiwe moyoni. "Musawo, basi kweli mimi nilikaribia kumuua?"

Mackline hakumdanganya. "Kuziacha ghafla ndiko kulikomwangusha. Mtu aliyezimeza muda mrefu hapaswi kuziacha kwa siku moja. Musawo anazipunguza kidogo kidogo, wachukuzi waamke. Lakini hata angeendelea, zingemmaliza polepole. Zinapandisha presha. Zinapandisha sukari. Zinalainisha mifupa, zinakula misuli. Huo haukuwa unene wa nguvu, Mama Marlène. Uso uliumuka, na mikono ikaisha. Wewe hukujua. Lakini jana niliuliza, nawe ukasema. Usingesema, ningetafuta malaria, ningetafuta hiki na kile, na muda ungekwisha. Ulimi wako ndio uliomrudisha."

Jiwe likashuka. Edisa alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi ile ya kigoda.

"Na ninyi wa kachi," Mackline aliendelea, "mnaona mtu ana kifua kipana, mnadhani moyo wake ni mzima. Sivyo. Mtu anaweza kuinua pipa, na huku presha inamla ndani kwa ndani. Presha haipigi hodi. Kichwa kikiuma mnameza dawa za maumivu kama karanga, na hizo zikizidi zinaharibu figo. Mtu akipigwa kichwani akapotewa na fahamu, mnammwagia maji na kumrudisha ulingoni. Halafu mtu akifa, mnatafuta mchawi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwenu ninyi kilikuwa kiunoni kabisa."

Kahambu aliweka chupa ya uji chini. "Christophe alikuwa na kifuko kama ile," alisema. "Kichwa ilimuuma kila siku. Tulimuzika nayo, kifuko yake. Nilisema imulinde kule." Akamgeukia Mackline. "Njo hii ilimuua?"

"Sikumpima, mama. Siwezi kuapa. Huenda presha ilipasua mshipa kichwani. Lakini uchawi wa unga wa muhogo haujaua mtu."

Kahambu aligeuka akamtazama Erifazi. Alimtazama muda mrefu. "Nimekutemea mate yote hii siku," alisema. "Mutoto wa wenyewe. Unisamehe."

Erifazi, Umeme wa Bugoye, mtu wa kutisha watoto, alifunika uso akalia. "Mama, Christophe alinifundisha hata mimi," alisema. "Ulinikataza kumzika." Kahambu alimkumbatia, na kichwa chake hakikufika hata begani mwa yule mtu.

Baadaye Erifazi alijipangusa, akainua kifuko. "Musawo, zangu nikazitupe?"

"Thubutu!" Mackline aliruka. "Hujasikia chochote? Kaa hapo. Leta mkono."

Presha ya Erifazi ilikuwa juu sana. Alibaki kutibiwa, kitanda cha pili kutoka kwa Sosthène. Wapinzani wawili walilala wakitazamana, wakigombania nani apewe uji kwanza.

Sosthène alirudi nyumbani na dawa za hospitali. Kila alipokwenda kliniki, Mackline alipunguza kidogo, akapima, akapunguza tena. Ilikuwa kazi ya subira. Alimfundisha Edisa dalili za hatari: akitapika, akipata kizunguzungu, akilegea, aletwe mbio, wala dawa asiikose hata siku moja. Chumvi ilipunguzwa kwenye sombe. Mashavu yalianza kushuka. Madereva hawakumwonea huruma.

"Tela amekuwa baiskeli!" walimcheka.

"Baiskeli inafika," alijibu. "Tela mingi iko kwa mutaro."

Edisa naye aligeuka mhubiri wa kibandani. Mteja akifungua mkono wenye vidonge vya beseni, bundu lilisimama hewani. "Nani alikupima? Nani alikuandikia? Inaitwaje?" Asipojibu, alielekezwa kwanza njia ya kwenda Kisinga, ndipo akapewa chakula. Na kama amekwisha kuvizoea, alimwambia kabisa: usitupe, nenda navyo.

Asanasio ndiye aliyesumbua kidogo. "Watu wanataka minofu," alinung'unika. "Nani atamtazama Tela mwembamba?"

"Nitakuwa mwamuzi," Sosthène alisema. "Na kabla ya msafara, kila mutu apimwe presha mbele ya batu. Kwa spika."

"Kwa spika?"

"Kwa spika, muzee. Batu banapenda maajabu. Tuwape."

Hakika waliwapa. Pambano lililofuata lilikuwa Bwera. Wanamieleka walikaa kwenye benchi, vinyago usoni, wamekunja mikono ya mashati kama watoto wa chanjo. Mackline aliwafunga kitambaa mmoja mmoja. Asanasio alitangaza kwenye spika: huyu atapigana, huyu ataenda kliniki. Watu walidhani kitambaa kile ni kinga mpya, wakakishangilia. Aliyekatazwa kupigana alipigiwa makofi kuliko wote, kwa sababu Sosthène alimwinua mkono na kusema, "Huyu ameshinda leo!" Tangu hapo kila msafara ulianzia kwenye benchi ile.

Asubuhi moja, muda mrefu baadaye, Sosthène alikuwa ananyoa ndevu kando ya kibanda, kioo kimeegeshwa kwenye sufuria. Edisa alikuwa anasonga bundu. Akamtupia jicho, kisha akaacha mwiko.

"Usiguse!" alipiga kelele.

"Nini? Nyoka?"

"Usiguse hapo! Simama hivyo hivyo." Alimshika kidevu, akakigeuzia mwangani. "Kahambu! Njoo! Njoo uone!"

Kahambu alikuja mbio na nyanya mkononi. Akachungulia. Katikati ya ndevu nyeusi za Sosthène kulikuwa na unywele mmoja mweupe, pee.

"Mvi!" Kahambu alisema. Akapiga kigelegele mpaka madereva wakatoa vichwa madirishani. "Nyie batu! Kachi imepata muzee!"

Sosthène alijitazama kwenye kioo. Alitazama sana. "Iko moja tu," alisema, kama mtu aliyepunjwa.

"Nyingine zinakuja," Edisa alisema, akampakulia bundu.